Kisu Mfukoni mwa Kijana



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Molo, alitupigia simu mwezi wa Shaaban kutuuliza jambo ambalo mwanzo tulilidhania dogo. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa amepewa na babu yake kisu cha kukunja, na tangu siku hiyo hakitoki mfukoni. "Maalim," alisema, "kila nikikiona kikifunguliwa mwili hunisisimka. Je, nimpokonye?" Tulimwomba asubiri, kwa kuwa tulikuwa na safari ya huko.

Molo iko kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mafuta ya nazi tuliyomchukulia dada yetu yalikuwa yameshaganda chupani tulipobisha hodi.

Tulikaa siku mbili, tukazihesabu kazi za kile kisu. Alfajiri kilikata kamba ya mzigo wa majani ya ng'ombe. Kikafumua mshono wa gunia la viazi, kikachonga kabari ya mlango uliokuwa ukigongagonga kwa upepo, kikakata sehemu iliyopasuka ya mpira wa maji ili uungwe upya. Baada ya chakula cha mchana babu alikiomba ammenyee chungwa mjukuu wake mdogo. Hata mama mwenyewe, tulimsikia mara mbili akiita kutoka jikoni, "Hebu nipe hicho kisu chako." Mvuvi wa kwetu haingii ngalawani bila kisu cha kukatia mshipi, na hakuna anayemuuliza anamkusudia nani. Mkulima wa Molo naye ni vivyo hivyo.

Lakini hofu ya mama haikuzuka bure. Aliolewa kule miaka michache kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wenyeji walikuwa wameshaonja mwaka 1992 nyumba kuteketezwa na watu kufukuzwa mashambani mwao. Mwanzoni mwa 2008 naye akayaona kwa macho yake. Anasimulia kuwa majirani waliojuana kwa majina walikuwa wakitazamana mikono kwanza, nyuso baadaye.

Jioni ya pili alikuja jirani, mama wa makamo wa kabila jingine, kuleta maziwa. Kijana alikuwa amesimama mlangoni akifungua na kukunja kisu chake, ta, ta, kwa mchezo tu. Yule mama alisita langoni, akarudi nyuma hatua moja. Kijana hakutambua lolote. Sisi tuliona, na mama yake aliona.

Usiku ule tuliketi na kijana kando ya jiko. Tulianza kwa kumtoa wasiwasi: Mtume wetu (S.A.W.) alitumia kisu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Amr bin Umayya kwamba alimwona akikata nyama ya bega la kondoo. Alipoitwa kwenye swala alikiweka kisu chini, akaenda kuswali. Kisha tukamweleza mafundisho mengine. Apitaye na mishale msikitini au sokoni aliamrishwa azishike ncha zake kwa mkono, asije akamdhuru mtu. Alikatazwa mtu kumpa mwenziwe upanga ulio wazi. Na amwelekezeaye nduguye chuma, malaika humlaani hata kama ni ndugu wa baba na mama. Tukamuuliza: ile mishale ilikuwa na kosa gani? Akafikiri kidogo. "Haikuwa na kosa, Maalim. Ni kwa ajili ya wale waliokuwa wakipita."

Liko jingine ambalo wengi hupitwa nalo. Tulikiomba kisu tukitazame, na ndani ya mfuo wa mpini tukakuta damu iliyokauka, si haba, ya kuku aliyechinjwa siku ya Jumaa. Makali yalikuwa yamepanguswa kwa kitambaa yakang'ara, lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kupangusa hakutoshi. Damu ni najisi na huondolewa kwa maji. Na mwenye kuswali huku amebeba najisi isiyosamehewa, swala yake haisihi. Kisu cha kukunja kina hatari hii kuliko kisu cha jikoni, kwa sababu huficha uchafu wake tumboni. Tulimwambia akifungue, akioshe hadi ndani, akikaushe vyema kwa sababu ya kutu, na swala alizokuwa na yakini kuwa aliswali nacho katika hali ile azilipe. Zilikuwa swala za siku tatu. Alizilipa.

Shuleni hakiendi, hilo halikuwa na mjadala. Mama hakumpokonya, ila alishika sharti kwamba jua likitua kisu kikae kwake. Babu alinung'unika kidogo. Sisi tuliona mama ana haki.

Asubuhi ya kuondoka, yule jirani alituletea viazi vya kuchukua Mombasa, akawa anashona mdomo wa gunia pale uani. Alipofika mwisho alitafuta cha kukatia uzi. Kijana alitia mkono mfukoni, akatazama kwanza, akampa kisu kikiwa kimekunjwa. Yule mama akakifungua mwenyewe, akakata uzi, akakikunja, akamrudishia.

Wallahu aalam.