SIKU MOJA KWA MWEZI SI UVIVU

Nchini Zambia, sheria ya ajira ya mwaka 2019 inampa kila mfanyakazi mwanamke haki ya kutokwenda kazini siku moja kila mwezi, bila cheti cha daktari na bila kueleza sababu. Watu huiita Siku ya Mama. Wako wanaosema kuwa siku hiyo inalea uvivu. Tunawajibu kwamba hawajui mwili wa mwanamke unavyofanya kazi.

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Tezi hiyo hupeleka homoni katika damu kuziamsha ovari. Ovari hupevusha yai na kutoa estrojeni, inayojenga utando ndani ya mji wa mimba. Yai likishatoka, huja projesteroni kuutunza utando huo. Mimba isipotunga, homoni hizi mbili hushuka, utando hubomoka, na hedhi huanza. Wakati huo mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huukaza ili usukume damu nje. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya tumbo na kiuno. Wengine hutapika, wengine huharisha.

Mzunguko huo kwa kawaida huchukua siku 21 hadi 35. Haufuati king'ora cha kiwanda wala hesabu ya kilo za majani ya chai. Tena wanawake hawaumii sawasawa, na kwa hiyo ni haki kila mmoja aachiwe kuamua mwenyewe.

Kwetu mambo yakoje? Mchuma chai anayelipwa kwa kilo hupungukiwa na ujira siku hiyo. Akitaka ruhusa, hulazimika kumweleza mnyapara siri ya mwili wake. Hiyo ni aibu kwetu sote, wanaume kwa wanawake.

Viongozi wa matawi, ingizeni dai hili katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora: siku moja kwa mwezi, bila kukatwa mshahara na bila kuulizwa. Daini pia vyoo vyenye maji, hata huko mashambani. Na mkataba utamke wazi kwamba mwajiri haruhusiwi kuwakataa wanawake kazini kwa sababu ya siku hiyo. Haki isiyoandikwa hupotea mnyapara akibadilika.