Mwenzenu Nusura Nile Hela ya Kodi

Jamani wasomaji, pikipiki yangu kuukuu nikipiga stata ilikuwa inajivuta ng'oo... ng'oo... kama babu kaamshwa usiku. Fundi akasema betri imekufa, lete hela! Nikashika hela ya kodi ya chumba.

Kaka mmoja jirani akaniambia, "Dogo, subiri kwanza." Akaweka mita: volti 12.6, betri nzima. Nikapiga stata, haikushuka chini ya 11, na bado inajivuta. "Umeme unapotelea njiani," akasema. Tukafungua waya wa hasi pale unapofungwa kwenye injini. Kutu tupu! Tukapiga msasa, tukakaza nati, ikawaka papo hapo. Ingegoma, tungefungua stata kuangalia kaboni.

Kodi nimelipa. Yule fundi nampita kwa mbali, alishaniandikia bei.