Eti Gemu la Watoto Linadai Shahada ya Sinema

Hoja ya wakosoaji ni hii: mzazi aliyekwama na mwanawe katika gemu la LEGO Star Wars aachane nalo, maana kamera inasumbua na asiyezijua filamu za Star Wars haambulii kitu.

Kamera, sawa, ilisumbua. Mwaka 2009 LEGO Indiana Jones 2, gemu la watengenezaji walewale, ikaleta skrini inayojigawa wachezaji wakiachana. Wakosoaji wangali wanalia.

Hili la filamu ndilo kichekesho. Katika gemu la kwanza, la 2005, wahusika hawasemi neno: wanaguna na kupunga mikono, hadithi nzima ni vitendo. Basi mtoto wa Katuba, Lubumbashi, asiyeziona filamu wala kujua Kifaransa au Kiingereza, amepungukiwa nini? Mwenzake wa London anasikia miguno ileile! Na kukwama je? Ukifa, unarudi papo hapo, umepoteza sarafu chache tu. Umeme wa Lubumbashi ukikatika katikati ya hatua, hapo lalamika, ila si kwa waliotengeneza gemu.