Motere inaongezwa nguvu, mushahara unapunguka

Mwisho wa mwezi, jioni, pita tu karibu na garaji yoyote ya Kolwezi ao ya Lubumbashi. Utakuta vijana wa kazi, wengine bado na bote za mugodi mguuni, wamezunguka Toyota Altezza, Mark II, Mark X ao Subaru Impreza yenye kapo wazi. Hawazungumzi mpira. Wanazungumza turbo, eshapema, na «programu» ya motere. Mwenye motokari akikanyaga, sauti inapasuka mpaka mu kambi na watoto wanapiga makofi.

Sisi wa sindika tulikuwa tunaona hii mambo sawa mchezo wa vijana. Tulikosea. Siku moja mama mmoja aliingia ku biro yetu na karatasi ya mushahara wa bwana yake mkononi. Alituonyesha mstari wa kredi, na chini yake kredi ingine. Feza ya masomo ya watoto haikubaki. Bwana yake, mwendesha mashini wa miaka mingi, alikuwa amefanyisha programu ya motere. Kisha majuma matatu pistoni ilitoboka. Leo motokari inalala nyuma ya nyumba juu ya matofali, lakini kredi yenyewe inaendelea kutembea.

Hatuandike hapa juu ya kumcheka mwenzetu. Kupenda motokari yenye nguvu si zambi, na mtu anayeshinda masaa kumi na mbili ndani ya vumbi iko na haki ya kufurahia kitu. Tunaandika juu mambo hii iko na hesabu, na ile hesabu wengi wetu tunaijua paka kisha kulipa.

Kwanza, hewa

Motere inakula esanse, lakini inakula hewa zaidi. Kolwezi iko karibu metre 1 400 juu ya bahari, Lubumbashi inapita 1 200. Huku kwetu hewa ni nyepesi: kwa Kolwezi kinachobaki ni karibu 85 kwa mia ya uzito wa hewa ya pwani. Altezza RS200, ile ya litre 2 bila turbo, kiwanda kiliandika shevo 210. Ukiileta Kolwezi, hata ikiwa mupya kabisa, haifiki 180. Hakuna fundi aliyeiba hizo shevo, ni mlima tu.

Sasa kijana analipa filtre ya «sport», eshapema kubwa na programu. Kwa motere isiyo na turbo, vile vitu vyote pamoja vinarudisha shevo kidogo tu. Kile kinachoongezeka sana ni kelele. Sikio linadanganya mguu: mtu anasikia nguvu mahali kuko sauti.

Motere ya turbo ni mambo ingine. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo mlima hauisumbui sana. Mark II Tourer V iko na motere 1JZ-GTE, litre 2,5, shevo 280. Miaka ile viwanda vya Japani vilikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya shevo 280, na mapatano hayo yaliisha mwaka 2004. Njo maana vijana wanasema ile motere «iko na akiba». Ni kweli. Lakini hapa juu turbo inazunguka mbio zaidi na inapata moto zaidi, mbele hata fundi hajagusa kitu. Sehemu moja ya akiba mlima umekwisha kuitumia.

Pili, esanse

Wachimbaji wataelewa hii haraka. Mu mugodi, baruti inapaswa kupasuka saa ile tunataka, si mbele. Ndani ya silinda ni vile vile. Esanse inakandamizwa, kisha buji inawasha. Esanse yenye oktane ya chini haivumilii kukandamizwa: inapasuka yenyewe mbele ya saa, wakati pistoni ingali inapanda. Utasikia mugongo mdogo sawa misumari ndani ya mukebe. Ile sauti njo pistoni inapigwa.

Altezza ya shevo 210, Mark II Tourer V, Impreza WRX, zote zilitengenezwa kwa esanse super ya Japani, ambayo oktane yake inafika karibu 100. Programu ya garaji inafanya nini? Inawasha buji mapema zaidi na, ku motere ya turbo, inaongeza presha. Maana yake inaomba esanse bora kuliko ile ya kwanza. Kisha mwenye motokari anaenda kununua litre tano kwa kadhafi pembeni ya njia, ndani ya bidoni, pengine imechanganywa na petrole ya taa, ambayo oktane yake ni ya chini sana. Programu ya Japani na esanse ya bidoni haziwezi kuoana. Pistoni ya mwenzetu ilitoboka hapo.

Tatu, vumbi

Tunapigania maske kazini juu vumbi ya mawe iko na kwarzi, na kwarzi inakula mapafu. Kwarzi ni ngumu kupita vyuma vingi, na ndani ya silinda inafanya kazi ya msasa. Filtre ya kiwanda, ile ya karatasi ndani ya sanduku lake, inapitisha hewa pole kidogo lakini inazuia ile vumbi. Filtre nyingi za «sport» zinazouzwa sokoni ziko wazi chini ya kapo, zinavuta hewa ya moto na zinapitisha chembe. Ku njia ya laterite nyuma ya makamyo, motere inaanza kuvuta mafuta mbele ya wakati. Tunakataa vumbi ku mapafu yetu. Kwa nini tunalipa feza juu ya kuiingiza ku motere?

Ine, madini chini ya motokari

Hii njo inatuuma zaidi. Fundi anamwambia kijana: «Tutoe katalizeri, motere ipumue, nitakufanyia bure.» Kijana anafurahi, anasema amepata zawadi.

Ndugu, tuhesabu teneur. Katalizeri ni sanduku la chuma ku eshapema, ndani kuko jiwe la seramiki lenye matundu madogo, limepakwa platini, paladi na rodi. Katalizeri ya motokari ya kawaida inaweza kubeba grame chache, tuseme tatu mpaka saba. Migodi mikubwa ya platini ya Afrika ya Kusini inachimba tani nzima ya mawe juu ya kupata grame karibu ine mpaka sita. Kwa hiyo chini ya motokari yako kuko mali ya tani moja ya mawe, imekwisha kusafishwa! Mwaka 2021 rodi ilipita dola 20 000 kwa aunsi moja, kisha bei ilishuka sana, lakini katalizeri ya kiwanda haijawahi kuwa takataka.

Sisi tunaolalamika kila siku kwamba madini yetu yanaenda bila teneur kupimwa mbele yetu, tunaacha mtu atoe madini chini ya kiti chetu na tunamwambia asante. Na ile moshi isiyosafishwa inabaki mu kambi, mahali watoto wetu wanalala.

Tano, njia

Nguvu ya motokari hatuilaumu peke yake. Tuangalie njia ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi: makamyo ya cathode, ya chokaa, ya asidi, mfululizo. Motokari zetu nyingi zinatoka Japani na volanti ya kuume, zinapita Dar es Salaam na Kasumbalesa, na sisi tunatembea upande wa kuume wa njia. Dereva anakaa upande wa mufereji. Juu ya kuona kama njia iko wazi anapaswa kutoa kwanza motokari nzima nyuma ya kamyo. Shevo 50 za kuongeza hazimpi jicho. Zinampa paka ujasiri wa kutoka bila kuona.

Tena, kutoka kilometre 100 kwa saa kufika 140, mbio imeongezeka 40 kwa mia, lakini nguvu ile frene zinapaswa kuzima imekuwa karibu mara mbili. Tumeona motokari nyingi zenye turbo kubwa na pine za okazyo zilizokauka. Mtu anayejua kazi anaanza chini: pine, frene, amortiseri, maji na mafuta ya motere. Motere inakuja nyuma. Kama feza haitoshi kwa frene, basi haitoshi kwa turbo.

Tukumbuke pia sheria. Ajali kati ya nyumba na kazi, CNSS inaihesabu sawa ajali ya kazi, kama njia haikukatwa ao kugeuzwa kwa mambo ya mtu mwenyewe. Ukipita kwanza ku mashindano ya usiku, mjane wako ataomba na pengine hatapata. Na asiransi inaandika motokari ile iliyo ku karatasi. Ukibadilisha motere bila kusema, umewapa sababu ya kubishana nawe siku ya hatari.

Tufanye nini?

Tuko mu wakati mgumu. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka ule kuko kota, na kwa 2026 kota ni tani 96 600 kwa inchi nzima. Inawezekana ile sheria inasaidia bei, hatuikatai. Lakini kampuni inayouza kidogo inakata kwanza primi, kisha masaa ya ziada, kisha kandarasi za muda. Mtu aliyejenga kredi juu ya primi amejenga juu ya mchanga.

Kwa vijana tunasema: hesabuni kredi ku mushahara wa msingi tu. Pizeni pistoni kwa kompresyo mbele ya kulipa programu. Muombe programu ya zamani ihifadhiwe. Katalizeri ikitoka, irudi mkononi mwenu.

Kwa wakubwa wa kampuni tunasema: vijana wengi wananunua motokari juu bisi za wafanyakazi hazitoshi ao zinapita mbali na site. Muongeze bisi, na kredi ya motokari na ile ya masomo zisikatwe mwezi moja mpaka nyumba ibaki bila unga. Code du Travail inaweka kipimo cha kukata mushahara, na tutakiomba kiheshimiwe.

Na kwa mafundi wetu, ambao wengi wanajua kufungua 1JZ macho imefungwa: nyinyi pia ni wafanyakazi. Mwambieni kijana ukweli wa esanse na wa mlima mbele ya kupokea feza yake. Atawarudilia miaka kumi.

Yule mama tulimsaidia kupanga upya kredi ya kwanza. Ya pili tungali tunaizungumza.