Herufi moja iliyonirudisha kwenye simu ya batani

Wadau, nimeadimika kidogo. Nilikuwa na deni la kumalizia ile hoja yangu juu ya kodi za vyumba Sinza, na nitalilipa, msinichoke. Leo naomba tuongee simu.

Nimebadilisha simu. Nimeacha ile ya kioo kitupu, nimechukua simu janja mpya yenye kibodi ya vitufe. Vitufe kweli, vya kubonyeza, vimepangwa chini ya kioo kama BlackBerry za enzi zile. Chumba cha habari wamenicheka wiki nzima. Mmoja kaniuliza kama ni ya urithi. Mwingine sasa ananiita Mzee, nami nina miaka 27. Jina la simu yenyewe silitaji, maana mtasema nimelipwa, na mwandishi wa habari akishasemwa hivyo basi tena. Ila sababu ya kuinunua nitaieleza yote, hata pale inaponiaibisha mwenyewe.

Machi 2025 nilitumwa kwenye mkutano wa mtaa mmoja pembezoni mwa Dar es Salaam. Wananchi walikuwa wanaelezwa juu ya fidia, barabara inapanuliwa na nyumba zinatakiwa kupisha. Afisa alizungumza kwa saa nzima, lakini yenye uzito ilikuwa sentensi moja: aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara hatalipwa. Watu wakaguna. Nikaongea na mama mmoja mjane, nyumba yake ina alama ya X ukutani, nikamwachia namba yangu. Mvua ikaanza. Nikadandia daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unaandika habari, kwa sababu ofisini walikuwa wanaitaka kwenye mtandao kabla ya saa kumi. Nikaandika, nikatuma, ikapanda.

Jioni ya kesho yake simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mungu akubariki. Mjukuu wangu kanisomea habari yako, umeandika tutalipwa. Nimeshachukua mkopo wa kikoba, fundi ameanza msingi kule Chanika."

Nilihisi tumbo limeshuka. Nikafungua habari yangu mwenyewe, nikaisoma kama ya mtu mwingine. "Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara atalipwa." Herufi h haipo. Kila kitu kingine kipo, nukta ipo, jina la mtaa limeandikwa sawasawa, h haipo. Kidole kiliteleza juu ya kioo chenye maji, au kilikuwa kwenye h na simu ikaona bora inipe neno inalolizoea. Sitajua kamwe. Mhariri naye alipitisha, maana sentensi ilikuwa Kiswahili safi kabisa. Wala huwezi kumlaumu. Neno lililokosewa tahajia lingemgutusha. Hili halikuwa na kosa, lilikuwa na maana nyingine tu.

Tulirekebisha, tukaweka masahihisho. Masahihisho hayasambai kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, hilo mnalijua. Mama nilimfuata mwenyewe Jumamosi.

Najua kuna mtu hapo anasema: soma kabla ya kutuma, bwana. Kweli. Kosa ni langu na sijaja kulitupia chombo. Tangu siku ile nasoma mara mbili. Lakini nilianza pia kujiuliza hii kibodi ya kwenye kioo inafanyaje kazi hasa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba haikutengenezwa ikiwa na Kiswahili kichwani.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2007 Steve Jobs alipoionyesha iPhone kwa mara ya kwanza, aliweka kwenye skrini picha za simu nne zilizokuwa zinatamba wakati huo: Moto Q, BlackBerry, Palm Treo na Nokia E62. Hoja yake ilikuwa kwamba zile kibodi zimegandishwa kwenye plastiki, zipo pale ukizihitaji usizihitaji. Ni hoja nzuri, siibishi. Ukitazama video, nusu ya simu yenye vitufe imekaa bure.

Ila kuweka herufi kwenye kioo kulileta tatizo. Kidole gumba ni kinene, herufi ni ndogo, na kioo hakina ukingo wa kukwambia uko wapi. Ken Kocienda, mhandisi aliyeitengeneza kibodi ya iPhone ya kwanza, ameieleza shida hiyo katika kitabu chake Creative Selection cha mwaka 2018. Ufumbuzi ulikuwa kamusi. Simu inaangalia umegusa karibu na herufi zipi, inalinganisha na orodha ya maneno, kisha inakisia ulitaka kuandika nini. Yaani kibodi ya kioo haiandiki ulichogusa. Inaandika inachodhani ulikusudia.

Kwa Kiingereza mpango huo unakwenda vizuri, kwa sababu neno la Kiingereza halibadiliki sana. Ukiwa na orodha ya maneno ya kutosha umekamata sehemu kubwa ya lugha. Sasa njoo kwetu. Chukua kitenzi kimoja tu, kulipa. Nimelipa, sijalipa, walipolipwa, asingelipwa, tutakapowalipa, hawakunilipa, lipeni, wasiolipika. Endelea mwenyewe, utachoka kabla hujamaliza. Kila kipande kinabeba mtu, wakati, kukubali au kukataa, na nani kafanyiwa. Orodha gani itayabeba hayo yote kwa kila kitenzi? Siku hizi kibodi ya Google ina Kiswahili, nimeitumia, na kwenye "habari za asubuhi" iko vizuri. Ukiingia kwenye "alivyowaahidi" au "nisingemwambia" ndipo unaona inahangaika.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kulitia maanani mpaka liliponiangukia. Katika wakati ujao, ukimsema mtu mmoja, wewe au yeye, Kiswahili kinatenganisha ndiyo na hapana kwa herufi moja tu. Atalipwa, hatalipwa. Utajengewa, hutajengewa. Atashtakiwa, hatashtakiwa. Mwingereza ana neno zima la kukanusha, ukilisahau sentensi inaweza kuchechemea, mtu akashtuka. Sisi tuna h. Na habari za magazeti yetu zimejaa wakati ujao: waziri atafanya hivi, mkandarasi hataongezewa muda, mwanafunzi atapewa mkopo. Herufi hiyo iko katikati ya kibodi, kati ya g na j, na ndiyo tunayoikabidhi kwa kioo kinachokisia.

(Kwa wale wenye simu zilizowekwa Kiingereza ndiyo balaa kabisa. Niliwahi kumwandikia mpiga picha wetu "tupo njiani" ikaenda "typo njiani". Alidhani namtania.)

Basi nikaamua nataka chombo ambacho nikibonyeza h kinaandika h, na nisipobonyeza hakiandiki kitu.

Nilianzia Kariakoo. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye neno batani. "Kaka, kiswaswadu kipo, elfu thelathini na tano, na tochi." Nikamweleza nataka simu janja, yenye WhatsApp na kila kitu, ila herufi ziwe za kubonyeza. Akamwita mwenzake. Wakatoa kwenye droo BlackBerry iliyotumika, safi, haina mchubuko. Nikaishika, moyo ukanidunda, nikairudisha. BlackBerry wenyewe walizima huduma za mifumo yao ya zamani tarehe 4 Januari 2022, na WhatsApp ilishaiacha BlackBerry OS tangu mwisho wa 2017. Ningenunua pambo.

Zinazotengenezwa leo ni chache. Unihertz, kampuni ya Shanghai, imekuwa ikitoa simu za aina hii kwa jina la Titan, na Titan 2 ilitoka 2025. Clicks wao mwaka 2024 walikuja na kasha la kuivalisha iPhone kibodi kwa chini, inakuwa ndefu kama rula. Ndiyo hivyo, ukiitaka unaagiza. Jirani yetu mmoja huenda Guangzhou kufuata mzigo wa mapazia, nikamtuma. Nilidunduliza miezi saba, ikafika Desemba 2025, imenigharimu milioni moja na ushee. Kwa mshahara wa ripota, hebu fikirieni wenyewe. Kabla sijaweka laini nilibonyeza *#06# nikahakiki namba yake, maana wenye kumbukumbu ya Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima, hawanunui simu kwa imani.

Wiki ya kwanza nilitaka kuiuza. Vidole gumba viliuma. Nilikuwa naandika polepole kama babu anayejaza fomu ya benki. Kioo chake ni cha mraba, kwa hiyo video inakaa katikati kama stempu, na kuna programu zinazokata maandishi pembeni. Alama ya ritifaa, ile ya ng'ombe na ng'ambo, iko kwenye kitufe cha kubonyeza pamoja na kingine, na lugha yetu ina ng' nyingi kuliko nilivyodhani. Mchumba wangu alisema inafanana na kikokotoo cha duka la vipuri.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Kidole kinajua kingo za herufi, kwa hiyo macho yako huru. Hilo sikulitegemea. Ninapomhoji mtu sasa ninamwangalia usoni huku naandika, na mtu anayeangaliwa usoni huongea tofauti na anayeongea na kipara cha mwandishi aliyeinamia simu. Mvua nayo hainisumbui tena. Kioo hutambua kidole kwa chaji ya umeme, na maji au jasho hupitisha umeme pia, ndiyo maana simu ya kioo ikilowa inaruka ruka kama imepagawa. Kitufe kinataka kusukumwa tu. Ukiripoti mafuriko Jangwani umesimama kwenye matope, tofauti hiyo si ndogo.

Nimezima pia ukisiaji wote. Hakuna kupendekeza, hakuna kusahihisha. Makosa yangu sasa ni yangu, na yana faida moja kubwa: yanaonekana. Nikikosea naandika "hatslipwa", na kila mwenye macho anaona kuna tatizo, mhariri ananipigia. Nawaza kama ningeandika hivyo ile Machi. Neno bovu lingesimamishwa mlangoni. Lililopita ni lile zuri.

Nilijipima pia, ili nisijidanganye. Nikachukua aya moja ya habari za mahakamani, nikaiandika asubuhi kwenye simu ya zamani, jioni kwenye hii, siku kadhaa mfululizo. Kwa kasi, kioo kilinishinda na bado kinanishinda. Kwa usahihi, kibodi iko mbele. Kwa hiyo anayeandika jumbe fupi za mapenzi na vikatuni asihangaike na milioni yake, kioo kinamtosha. Nasema na wale wanaoandika Kiswahili kirefu kwa ajili ya mtu mwingine atakayekitegemea: ripota, karani wa mahakama, mtendaji wa kata anayetuma taarifa kwa simu, nesi anayemwandikia mgonjwa dozi. Tumekubali kirahisi mno kwamba kasi ndiyo kila kitu, na tumekubali kufanyiwa makisio na orodha ya maneno ambayo hatukuitunga.

Mjomba wangu alikuwa na Nokia E63 nilipokuwa shule ya msingi. Alikuwa mwalimu, aliandika humo kila kitu, mpaka maksi za wanafunzi. Nakumbuka kitufe cha A kilikuwa kimefutika kabisa, kimebaki cheupe, wakati Q na X vilikuwa vipya kama siku ya kwanza. Nilidhani ni ubovu. Leo yangu ina miezi michache tu na A imeanza kung'aa. Q sijaigusa.

Mama yule deni la kikoba analilipa kidogo kidogo, anauza maandazi asubuhi na binti yake anamsaidia. Msingi wa Chanika umesimama usawa wa magoti, nyasi zimeota ndani. Hakunitukana nilipokwenda, na hilo limenikaa kuliko kama angenitukana. Alinipa chai. Akaniuliza kama upo uwezekano afisa aliteleza ulimi, labda alitaka kusema atalipwa. Nikamsikilizisha rekodi. Akaisikiliza mara mbili, akanyamaza.

Jumatano kuna mkutano mwingine wa mtaa uleule, wa wale ambao nyumba zao ziko nusu ndani nusu nje ya hifadhi. Nimeomba nipangiwe mimi. Mvua zimeshaanza.