Daktari, Aligongwa Wapi?

Ikiwa umewahi kusimama Ukunda jioni, pale barabara ya Diani inapokutana na ile kuu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, basi hali ninayoizungumzia unaijua. Matatu zinashusha abiria, bodaboda zinachomoka kushoto na kulia, lori la kwenda mpakani halipunguzi mwendo, na kando ya hayo yote yupo mama karanga na beseni lake la samaki kichwani, akingoja mwanya wa kuvuka. Akiupata hukimbia. Asipokadiria vizuri, huletwa kwetu.

Nimetibu watu pwani hii ya kusini kwa miaka mingi. Paja lililovunjika, nyonga, kichwa, hayo nayafahamu. Nisilolifahamu, na nalisema kwa aibu, ni mahali wagonjwa hawa walipogongwa.

Mwezi uliopita walinijia vijana wanne: mhandisi, mpima ardhi, muuguzi na mwalimu. Siku zao za mapumziko wamekuwa wakisimama barabarani na daftari, wakihesabu wanaovuka na kuangalia mwendo wa magari. Waliniuliza swali moja tu: wagonjwa wako, daktari, hugongwa wapi na saa ngapi? Nikafungua rejista yangu. Ukurasa baada ya ukurasa maneno yalikuwa yale yale, "ajali ya barabarani", basi. Ingekuwa ni kipindupindu ningeuliza siku ya kwanza mgonjwa alikunywa maji ya kisima gani!

Huu nao ni ugonjwa, tena mkubwa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Hapa Kenya hufa watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na waendao kwa miguu ni wengi kuliko kundi jingine lolote. Lakini aghalabu maiti ikishaondolewa utasikia: "Alikuwa mzembe, hakutazama." Wazembe wapo, na walevi pia, sikatai. Lakini mtoto wa miaka saba hana uwezo wa kukadiria mwendo wa gari linalomjia. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, yaani kabla dereva hajagusa breki tayari limekwisha kumfikia. Sheria ya Trafiki inaruhusu kilomita 50 tu mijini na kwenye vituo vya biashara. Ni wangapi tunaoitii? Mimi mwenyewe, nikiwahi feri ya Likoni, nimeshapita Waa na Ng'ombeni kwa mwendo ambao sitauandika hapa.

Majirani zetu wa Dar es Salaam wametuonyesha njia. Huko shirika la Amend lilipita nyumba kwa nyumba likiuliza ni watoto gani wameumia, wapi, na walikuwa wakienda shule ipi. Shule zenye hatari zaidi zikachaguliwa, kisha vikajengwa vitu vidogo: njia ya miguu, matuta, kivuko cha pundamilia, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda wanakopita watoto, na kwingine lango la shule likahamishwa upande wa pili. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa karibu robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya Ross ya miji, inayotolewa na taasisi ya WRI. Tanguliza swali, matuta yafuate.

Vijana wetu wanataka kufanya vivyo hivyo. Tatizo ni milango. Barabara kuu ni ya KeNHA, ilhali taa za mitaani, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti, kwa hiyo ni rahisi sana kila mmoja kumwelekeza mwenzake. Ofisi moja, nisiyoitaja, iliwajibu kwamba warudi na takwimu. Takwimu zenyewe tumeziacha mlangoni mwa zahanati zetu, kwa kutouliza swali la sekunde kumi!

Mimi nimeshapiga mistari mipya kwenye rejista: mahali, saa, kilichomgonga, na alikuwa akifanya nini. Jina la mgonjwa halitoki. Nawaomba wenzangu kuanzia Ng'ombeni hadi Lunga Lunga, na hospitali ya Msambweni ambako majeruhi wengi huishia, wafanye hivyo hivyo.

Nawe msomaji, ukimkuta aliyegongwa, usimkunje katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Nimepokea kijana aliyeletwa hivyo, na mfupa wa paja ulikuwa umetoboa ngozi njiani. Bana panapovuja damu kwa kitambaa safi wala usiachie, usimgeuze shingo, na tafuta gari atakalolala chali. Ukimfikisha, mwambie muuguzi ni wapi hasa ulipomwokota: kabla ya petroli, mbele ya shule, penye mwembe. Asipoandika, mwambie tena.