Simu Haimpunguzii Mzee Mzigo



Yako mafundisho mapya ya afya yanayopitia katika intaneti, yaliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Mfanyakazi hufungua kompyuta au simu, akafundishwa ale nini, atembee kiasi gani, aachaje sigara. Mtaniuliza, kijana asiyefika miaka 30 ana shughuli gani na presha ya wazee? Wazee hao ndio waliotulipia ada.

Huko Marekani mafundisho ya namna hiyo yalijaribiwa, na habari zake zikatolewa mwaka 2015. Walichukuliwa wafanyakazi 278 wa kampuni kubwa ya kompyuta, wakagawanywa kwa kura: hawa wakapewa mafundisho, wale hawakupewa. Waliopewa walionekana kujiamini zaidi katika kubadili chakula, kukipanga vizuri, na kufanya mazoezi mepesi. Lakini katika kuukabili wasiwasi na msongo wa mawazo hawakuwapita wenzao.

Hapo ndipo nawaombeni tupatazame sana. Kwa nini mtu apate nafuu katika sahani yake, asiipate katika moyo wake? Wataalamu waweza kuwa na maelezo yao. Mimi naona hivi. Sahani imo mikononi mwake. Zamu ya usiku haimo. Mshahara unaokwisha tarehe 10 haumo. Msimamizi aliye sawa na mwanawe, anayemfokea mbele ya watu, huyo naye hamo. Mwajiri asije akatuletea programu ya simu kisha akanawa mikono.

Tuje kwetu Tanzania. Watumishi wa umma walio wengi waweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na kwa lazima wakifika 60. Basi mwenye miaka 50 bado ana muongo mzima wa kazi, na miaka hiyo ndiyo ambayo presha humwingia mtu kimya kimya. Hana homa wala maumivu, mpaka siku aangukapo. Laiti angalipimwa mapema akaambiwa imefika 140 kwa 90, angalitibiwa. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima apate mwendo wa kuchangamsha mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Maneno hayo mepesi yaweza kabisa kupita katika simu. Tena tumekwisha kuona: mwaka 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni, akina mama wajawazito wakapelekewa ujumbe wa bure, kwa Kiswahili, katika simu za kawaida. Mpakiaji mizigo wa bandarini mwenye miaka 54 amekosa nini hata asipelekewe wake?

Lakini kupeleka ujumbe si kufundisha. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulionywa kwamba mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kusoma hasomi, hata umpe vitabu mia. Mtu aliyesimama saa kumi na mbili, akarudi nyumbani kwa daladala mbili, hatafungua somo la mazoezi usiku. Somo liwe ndani ya saa za kazi, saa zenye malipo. Liwe la sauti pia, maana maandishi yale madogo mzee huyasogeza mbali mpaka mkono unakwisha. Na kipimo cha presha kiwepo hapo hapo kazini pamoja na muuguzi, kwa kuwa simu pekee haifungi mkono wa mtu ikampima.

Liko na jambo la siri. Programu hizi huuliza maswali: una kisukari? Wavuta? Walala saa ngapi? Mtu wa miaka 56 akijibu kweli, majibu yake yatalala wapi siku meneja anapotafuta wa kupunguzwa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo katika zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Sheria tunayo, wa kuidai ni sisi.

Kwa hiyo matawi ya wafanyakazi, mtakapokaa mezani kwa mkataba wa hali bora, ulizeni ni nani atakayeshika majibu ya wazee wetu, na ni nani atakayezilipa saa za somo. Jibu lake litakeni kwa maandishi, kabla hamjatia saini.